Jina la Mtu Mwingine Juu ya Kitanda Changu

Asubuhi niliyotoka kwetu sikuwa na mpango wowote. Mama alikuwa amenituma dukani kununua chumvi. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la sita, nikabaki nyumbani mpaka nikafikia umri wa kitambulisho, nikifungua redio za watu na kushindwa kuzifunga. Nje ya duka lilikuwa limesimama lori la viazi, na dereva anapigana na mlango wa nyuma uliokataa kufungika. Nikauchunguza, nikautengeneza kwa waya.

Akaniuliza, "Wewe unaenda wapi?"

"Kwani wewe unaenda wapi?"

"Kitengela."

Nikapanda. Pesa ya chumvi ilikuwa bado mfukoni.

Sopa kwa Wamaasai, ndugu zangu. Salaam aleikum kwa wale wa salaam, na Bwana asifiwe kwa wale wengine. Mwenyekiti wa chama chetu cha mafundi amenisumbua kwa muda mrefu nisimame hapa nieleze jinsi nilivyoanguka na jinsi nilivyoinuka. Nitaeleza kama mambo yalivyokuwa. Sitamtaja mtu yeyote kwa jina, na mkinisikiliza mtajua kwa nini.

Sasa, nitawafundisha nini watu wa Noonkopir hapa Kitengela kuhusu maji? Mnajua foleni ya mitungi. Nilipofika hapa nilipata kazi ya kushika vyuma kwa mafundi wa kuchomelea, na mbele ya kibanda chetu kulikuwa na kioski cha maji cha mama mmoja mnene, mcheshi, mwenye magoti mabaya. Kazi yake yote ilikuwa kukimbizana na mpira wa maji. Anaweka mpira kwenye mtungi huu, anageuka kumrudishia mteja chenji, nyuma yake mtungi umejaa na maji yanamwagika. Siku nzima analia, "Jamani maji! Jamani maji yangu!"

Mimi nikiona kitu kinasumbua mtu sipati usingizi. Ni ugonjwa. Nikamtengenezea kichwa cha kuvisha mwisho wa mpira. Ndani kulikuwa na kitufe chepesi cha plastiki kinachoelea. Mtungi ukijaa, maji yanakisukuma juu, kinaziba tundu, kinasema *tak*, na maji yanasimama yenyewe. Yule mama alikijaribu kwa mitungi saba, mmoja baada ya mwingine, amekaa kwenye kiti. Halafu akaniambia, "Fundi, leo umenirudishia miguu yangu." Tukakiita kidomo.

Mwalimu mmoja aliyekuja kuteka maji ndiye aliyetuambia habari za hataza. Akasema kuna ofisi ya serikali Nairobi ambayo ukiipelekea michoro na maelezo, na ikapata kwamba hakuna aliyekutangulia, inakupa hati kwamba kitu hicho umekivumbua wewe. Hakuna mtu atakitengeneza na kukiuza bila ruhusa yako mpaka miaka ya hati iishe.

Nilikuwa na rafiki. Tulilala chumba kimoja, tulikula sufuria moja. Yeye alimaliza kidato cha nne na alikuwa na mwandiko wa kupendeza. Mimi nikishika fomu, jasho linatoka. Tena sikuwa na kitambulisho. Changu nilikipoteza kwenye kuzunguka kwangu kati ya hapa na Namanga, sijui hata ni wapi, na kila mwezi nilisema nitaenda kuomba kingine mwezi ujao. Laini yangu ya simu niliiandikisha kwa kitambulisho cha rafiki yangu. Mnacheka? Inueni mkono nyinyi ambao hamjawahi kutumia laini ya kitambulisho cha mtu. Nimeona mikono miwili, na mmoja ni wa pasta.

Kwa hiyo rafiki yangu akaijaza ile fomu, mimi nikichora. Akafika mahali akasimama.

"Hapa wanataka jina la mvumbuzi na namba ya kitambulisho."

"Andika lako. Tutabadilisha baadaye nikipata changu."

"Una uhakika?"

"Wee andika. Si ni karatasi tu?"

Ndugu zangu, nawaambia, maneno hayo niliyasema kwa mdomo wangu. Hakuna aliyenishikia kisu.

Kisha nikafanya kile ninachofanya siku zote. Nilisikia kwamba Namanga kuna mtu anayetengeneza rejeta za malori kwa njia ambayo sijawahi kuiona, nikaenda kuangalia. Nilienda kwa siku mbili, nikakaa zaidi ya miaka mitatu. Niliporudi nikapita kwenye kioski kumsalimia yule mama. Kwenye mpira wake kulikuwa na kidomo cha buluu, cha kiwandani, kinang'aa.

"Umeona?" akaniambia kwa furaha. "Vimejaa dukani! Nilijua tu utafika mbali."

Nilikichukua nikakifungua. Kitufe kile kile. Hata kosa langu la kuacha ukingo upande mmoja walikuwa wameliiga.

Nikamtafuta rafiki yangu. Alikuwa amehamia nyumba ya mawe. Hakujificha, alinifungulia mlango na kuniwekea chai.

"Umeiuza," nikasema.

"Hati ilitoka. Kiwanda kikaja kunitafuta mimi, kwa sababu jina ni langu. Wewe ulikuwa wapi? Nilikupigia, hupatikani."

"Nilikuambia tutabadilisha."

"Uliniambia niandike langu. Nilikuuliza una uhakika, ukasema ni karatasi tu."

Hilo ndilo lililoniua. Kama angekuwa ameniibia kwa kuvunja ukuta ningepiga kelele, ningeita watu. Lakini alikuwa akinirudishia maneno yangu mwenyewe, neno kwa neno. Aliniongezea chai. Sikuinywa.

Niliingia kibandani, nikachukua vyombo vyangu vyote vya kazi, nikavigawa. Msumeno kwa huyu, koleo kwa yule. Wengine wako hapa na bado wanavyo, na sivitaki. Nikaapa sitatengeneza kitu kipya tena maishani. Kesho yake nikapanda gari la kwanza lililosimama, likanishusha Kajiado mjini.

Lojing'i ya kwanza niliyoingia, mhudumu akanisukumia lile daftari la wageni. Jina, namba ya kitambulisho, unatoka wapi. Bila kufikiri nikaandika jina la rafiki yangu na namba yake. Ile namba nilikuwa naijua kichwani kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu kila mahali ndiyo niliyokuwa nikiitumia. Mtu amenichukulia kitu changu, nami bado naandika jina lake ili nipate kulala. Hata sikuliona hilo. Nilichukua ufunguo nikapanda ngazi.

Nikapata vibarua sokoni, soko la mifugo. Kazi za kubeba, kazi za kusukuma ng'ombe kwenye lori. Mzee mmoja wa Kiislamu, mtu wa kaskazini mashariki, alikuwa anauza mbuzi pale, na hori lake la maji lilikuwa linavuja. Nilikaa siku tatu nikipita kando yake na kugeuza macho. Siku ya nne nikaliziba. Nilijiambia kwamba kuziba si kutengeneza kitu kipya. Mzee akanilipa kwa simu, na mnajua ukimlipa mtu kwa simu jina lake linatokea. Akasoma jina la rafiki yangu: Fulani. Nami nitasema Fulani, nisije nikamtaja. Kuanzia siku hiyo akaniita Fulani. Fulani njoo, Fulani shika mbuzi. Sikumrekebisha. Lilikuwa jina zuri tu.

Halafu nikaugua. Nadhani ni maji niliyokunywa. Nilianza kwa kutetemeka, nikamalizia kwa kuanguka katikati ya mbuzi. Mzee yule, Mungu amlipe, alinipakia kwenye gari lake la mifugo akanifikisha hospitali. Mimi sikumbuki lolote.

Ninachokumbuka ni kuamka mchana. Jua liko dirishani, mkononi nina sindano ya dripu, na sista mmoja ameinama.

"Fulani! Ee, Fulani, unanisikia? Umetuogopesha, bwana."

Nikageuza shingo nimwangalie huyo Fulani yuko wapi. Kweli, nilidhani rafiki yangu amekuja kuniona. Hakukuwa na mtu. Nikainua macho. Juu ya kitanda changu kulikuwa na kadi iliyoandikwa jina lake kwa kalamu ya wino mzito.

"Sista," nikasema, "ningekufa mngemwita nani?"

"Usiseme mambo ya kufa."

"Lakini mngemwita nani?"

Akafikiri. "Tungetafuta watu wa jina hili."

Nililala pale nikiitazama ile kadi. Mama yangu angekaa miaka akisubiri, na kwao Fulani wangeletewa maiti wasiyoijua. Kaburi lingeandikwa jina lake. Nilikuwa nimemkasirikia kwa kuchukua kitu kimoja, kumbe mimi mwenyewe nilikuwa nimempa vyote, kimoja kimoja. Simu nilimpa, hati nilimpa, daftari la wageni, sasa kitanda cha hospitali. Hakuwa amenipokonya. Mimi ndiye nilikuwa nimekataa kuwepo, kwa uvivu wa kwenda kupiga foleni ya kitambulisho.

Nikamwambia, "Sista, futa hiyo. Si jina langu."

Aliniwekea mkono kwenye paji la uso kuona kama homa imerudi.

Ilibidi mzee wa mbuzi aitwe. Alipofika akauliza, "Kwa hivyo miezi yote hii nimekuwa nikimwita nani?"

"Mtu mwingine, mzee."

"Na yeye alikuwa akiitika?" Akacheka mpaka akashika kitanda. "Wallahi, mbuzi wangu wako na alama sikioni. Wewe mtu mzima huna hata hiyo."

Sasa, nikiwa nimelala pale, macho hayakuwa na kazi, yakaanza ule ugonjwa wao. Wodi ilikuwa na vitanda vingi na sista mmoja. Chupa za dripu zinaisha kwa nyakati tofauti. Ya jirani yangu iliisha sista akiwa upande wa pili, na damu ikaanza kupanda kwenye mrija. Mke wa mgonjwa akapiga kelele, "Sista! Sista, imeisha!" na sista akaja mbio. Nilimwona akikimbia kutoka kitanda hadi kitanda. Nikamkumbuka yule mama wa kioski. Mtungi unajaa hakuna anayeangalia, chupa inaisha hakuna anayeangalia. Ni shida ile ile imegeuzwa juu chini.

Ile ahadi ya kutotengeneza kitu kipya niliivunja hapo hapo. Nilimwambia sista nitaweka kitufe kinachoelea ndani ya chupa, maji yakishuka kinaziba.

"Hakuna kitu chako kitaingia ndani ya hiyo chupa," akasema. "Unataka kuua watu?"

"Basi nitaziba mrija kwa nje."

"Ukiziba kabisa, damu inaganda kwenye sindano, naanza upya kutafuta mshipa. Usinizibie kitu. Niambie tu mapema kabla haijaisha."

Mafundi wenzangu, mimi nilikuwa naangalia maji. Yeye ndiye aliyenionyesha kwamba jibu haliko kwenye maji. Nikabaki na uzito. Chupa ikijaa ni nzito, ikikaribia kuisha ni nyepesi. Nilipotoka hospitali nikatengeneza ndoano yenye springi. Chupa inaning'inia, inavuta springi chini. Inavyopungua, springi inapanda, na kabla ya mwisho inagusa kengele ndogo. Hakuna umeme, hakuna betri. Ya kwanza ilikuwa na kengele ya baiskeli, na sista aliijaribu kwenye chumba cha stoo kwa chupa ya maji ya bomba. Ilipolia aliruka, kisha akasema, "Sasa nayo itaamsha wodi nzima. Tafuta ya adabu." Nikatafuta ya adabu.

Mkuu wake akaipenda. Akasema ipelekwe ofisini Nairobi haraka kabla haijazoeleka. Na mimi bado sina kitambulisho.

Sista akasema bila ubaya wowote, "Si tuandike jina langu? Mimi niko na kitambulisho. Tutabadilisha baadaye."

Ndugu zangu, nawaambia, maneno hayo niliyatambua. Alikuwa mtu mwema, na sidhani angenidhulumu. Lakini rafiki yangu pia alikuwa mtu mwema siku aliyoniuliza kama nina uhakika.

"Hapana, sista. Jina lako litaandikwa kwa sababu umefanya kazi ya kichwa hapa, si kwa sababu uko na kitambulisho. Na langu litaandikwa kando yake. Tutasubiri."

"Hata kama mtu atatutangulia?"

"Hata hivyo."

Alikasirika. Alikaa wiki nzima akinijibu kwa mkato. Lakini hakuipeleka.

Nilienda polisi nikaandikisha kwamba nilipotelewa na kitambulisho. Nikaenda kwa chifu, nikaenda ofisi ya usajili. Wakaniuliza namba ya kitambulisho kilichopotea. Namba ya Fulani ninaijua, yangu siijui. Mtu pekee aliyekuwa na nakala yake ni mama.

Nilinunua chumvi pakiti mbili, nikaenda nyumbani. Nilimkuta anachambua maharagwe mlangoni. Aliniangalia kuanzia viatu kupanda juu.

"Dukani kulikuwa na foleni?" akauliza.

Nikampa chumvi. Aliipima kwa mkono, akaiweka kando, akaendelea na maharagwe yake kidogo. Halafu akaingia ndani akalia kule ambako sikumwona. Alipotoka alikuwa na bahasha ya plastiki. Nakala ilikuwa humo, pamoja na cheti changu cha kuzaliwa na ripoti ya darasa la sita. Alikuwa ameyatunza yote hayo, karatasi za mtu ambaye mwenyewe hakujitunza.

Kitambulisho kilichelewa, lakini kilitoka. Wiki iliyofuata mimi na sista tulipeleka maombi. Hakuna aliyetutangulia. Hati yenyewe ilichukua miaka, maana wale watu husoma kila mstari, na waliturudishia michoro mara mbili. Leo ninayo, ina majina mawili. Kengele zetu zinatumika katika zahanati kadhaa za kaunti hii. Hati nyingine niliyopata ni ya kiatu cha gongo la kutembelea la mgonjwa, kipana, kisichozama kwenye udongo mweusi wa Kitengela wakati wa mvua. Nyingine ni ya mpini wa jiko usiochoma mkono. Ya kibanio cha nguo kisichong'olewa na upepo ilikataliwa, kumbe kuna mtu ng'ambo alikitengeneza kabla sijazaliwa. Sikununa. Nilifurahi kujua kwamba mahali fulani duniani kuna mwingine aliyechoshwa na nguo kuanguka mavumbini.

Rafiki yangu nilimpigia mimi. Laini ya simu isingeweza kuja kwangu bila yeye kufika. Tulikutana kwenye duka la simu hapa mjini, akatia sahihi. Tulipotoka nje akasema, "Na ile nyingine?"

"Ile uliiuza. Imekwisha. Mimi ndiye niliyekuambia uandike."

Akaangalia barabara. "Nilipaswa kuuliza mara ya pili."

"Nami nilipaswa kujibu vizuri mara ya kwanza."

Tukaagana kwa mkono. Hatukurudi kuwa marafiki wa sufuria moja, siwezi kuwadanganya. Lakini nikimwona barabarani sivuki upande wa pili.

Namshukuru mzee wa mbuzi, ambaye mpaka leo akitaka kunichokoza ananiita Fulani. Namshukuru sista kwa kunikataza mara mbili na kwa kusubiri akiwa amekasirika. Namshukuru yule mama wa kioski, na mama yangu kwa bahasha ile. Nanyi mafundi mlio hapa, najua wengi wenu mna kitu mlichokitengeneza kiko chini ya meza kimefunikwa gunia. Sitawaambia kila kitu kinafaa hataza, vingine havifai. Nawaomba jambo moja tu. Kama kitambulisho chako kimepotea, Jumatatu usifungue kibanda. Nenda kapige foleni. Usimpe rafiki mzigo wa kuwa wewe, kwa sababu hata mtu mwema huchoka kuubeba, na siku moja atakaa juu yake.

Mwezi uliopita nilipeleka kengele kwenye zahanati ya huko Mashuuru. Bado ni mtu wa kuzunguka, hilo halikupona. Nilikuwa sijawahi kufika kule. Kazi ilipokwisha jua lilikuwa linaelekea kuzama na gari la kurudi limekwenda, basi nikauliza mahali pa kulala, wakanionyesha nyumba ya mabati ya buluu nyuma ya maduka. Mama mwenye nyumba alitoka akifuta mikono, akafungua daftari la wageni, akanipa kalamu iliyofungwa kwa uzi.

Nikaandika jina langu. Nikaandika namba bila kutoa kitambulisho mfukoni.

Akasoma, akaniangalia. "Namba umeishika kichwani, eh?"

"Nimeishika, mama."

Akanipa ufunguo wa chumba cha tatu.